Jua Haki Zako: Nani Anaweza Kufungua Faili Lako la Hospitali?

Tarehe 23 Februari 2015 agizo lilitoka Ikulu kwenda kwa makamishna wa kaunti zote, Kericho na Bomet zikiwemo. Wakishirikiana na wakurugenzi wa elimu na wa afya, walitakiwa kukusanya taarifa za watoto wote wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, habari za walezi wao, pamoja na hesabu ya kina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi hivyo. Serikali ilisema nia ni kupanga huduma. Huenda ilikuwa kweli. Ila jedwali lililotumika lilikuwa linaunganisha mtu na hali yake ya afya, na waliopewa kazi ya kulijaza hawakuwa madaktari peke yao. Walikuwemo watu wa utawala na wa elimu.

Shirika la KELIN, linalotetea haki za afya, likaenda Mahakama Kuu ya Nairobi pamoja na wenzake. Tarehe 7 Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba agizo hilo lilivunja Katiba: Kifungu cha 31 kinacholinda faragha, na Kifungu cha 53 kinachotanguliza maslahi ya mtoto. Akaipa serikali siku 45 kuzihifadhi taarifa zilizokwisha kukusanywa kwa njia ya namba za siri, ili mtu yeyote asiweze kuoanisha jina na hali ya mtoto.

Ukiielewa kesi hiyo, mengi yanayofuata hapa utayapima mwenyewe. Kama neno la Rais wa Jamhuri halikutosha kulifungua faili la mtoto wa shule, barua ya chifu haitoshi. Simu ya meneja haitoshi. Askari aliyesimama kaunta ya zahanati akisema "ni mambo ya serikali" hatoshi pia.

Sheria inasemaje hasa

Kifungu cha 31 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya faragha, na ndani yake imo haki ya kutolazimishwa kutoa habari za familia yake au mambo yake ya binafsi bila sababu ya lazima, wala habari hizo kufichuliwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 11, inaingia hospitalini kabisa. Hali yako ya afya, matibabu uliyopata, hata ule ukweli tu kwamba ulilazwa, yote ni siri. Wengi hawalijui hilo la mwisho. Jirani akipiga simu kuuliza kama mama fulani amelazwa wodi ya wazazi pale Kapkatet au Longisa, karani hana ruhusa ya kumjibu "ndiyo, yupo" kwa kuwa tu wanatoka kijiji kimoja.

Siri hiyo inaweza kufunguliwa kwa njia chache. Wewe mwenyewe ukubali kwa maandishi. Mahakama iamuru. Sheria nyingine iliyoandikwa idai hivyo. Au kukaa kimya kulete hatari kubwa kwa afya ya umma. Kwa utafiti na mipango ya afya pia inahitajika idhini yako, na iwe idhini ya mtu aliyeelezwa akaelewa. Sheria hiyo hiyo inamtaka mhudumu, inapowezekana, akueleze kwa lugha unayoifahamu na kwa kuzingatia kiwango chako cha kusoma. Gogo (bibi) wa Sigor aliyewekewa mbele fomu ya Kiingereza ya kurasa tatu, akaonyeshwa pa kubonyeza kidole gumba, hajatoa idhini.

Njia ya nne, ile ya hatari kwa umma, ndiyo inayotumiwa ovyo. Kipindupindu kikizuka, daktari lazima aripoti. Kifua kikuu kadhalika. Sheria ya Afya ya Umma inampa wajibu huo na ni wajibu wa maana. Lakini kuripoti kwa afisa wa afya ni jambo moja. Kumkabidhi mgonjwa kwa polisi ni jingine. Mwaka 2010, hapo jirani Kapsabet, wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa wameacha dawa walifikishwa mahakamani wakapelekwa gerezani, eti wakatibiwe humo. Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwafunga gerezani kulikiuka haki zao. Serikali inaweza kujua unaumwa ugonjwa gani wa kuambukiza. Kujua huko hakuipi ruhusa ya kukufanya mhalifu.

Faili limehamia kwenye kompyuta

Zamani faili lilikuwa kadi ya manjano na daftari la mistari, na aliyetaka kulichungulia alilazimika kuingia chumba cha rekodi. Bonde la Ufa liliwahi kuanza mabadiliko hayo: mfumo wa kompyuta wa kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, ulianza kazi mwaka 2001 na ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza ya aina yake katika vituo vya mashinani kusini mwa Sahara. Baadaye ukaja KenyaEMR kwenye kliniki za Ukimwi nchini, kwa msaada wa Marekani. Leo hata mhudumu wa afya wa kijiji, yule CHP anayekuja na begi lake kupima presha, ana simu ya serikali ambayo anaijaza habari za nyumba yako. Rais William Ruto aliwazindua wahudumu hao wapatao 100,000 tarehe 25 Septemba 2023. Ni kazi njema. Lakini tukubali kwamba mhudumu huyo ni jirani yako, mnakutana kanisani na kwenye kituo cha kununulia chai, na kifungu cha 11 cha Sheria ya Afya kinamfunga yeye sawa na daktari bingwa.

Oktoba 2023 zilitiwa saini sheria nne za afya kwa mpigo. Mojawapo ni Sheria ya Afya ya Kidijitali, iliyounda Shirika la Afya ya Kidijitali na mfumo mmoja wa kitaifa wa kuunganisha rekodi. Nyingine ni Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyoleta mamlaka ya SHA mahali pa bima ya NHIF. Tarehe 12 Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walizitangaza sheria tatu kati ya hizo kuwa kinyume cha Katiba, ya kidijitali na ya bima zikiwemo. Septemba 20 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na Oktoba mosi SHA ikaanza. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, aliripoti kwamba mfumo wa kompyuta unaoiendesha, wa thamani ya shilingi bilioni 104.8, haukuwa mali ya serikali yenyewe bali ulikuwa mikononi mwa kampuni zilizoujenga. Mwananchi wa Kipkelion ana haki ya kuuliza hilo linamhusu vipi. Linamhusu hivi: anayemiliki mtambo si lazima awe ndiye anayeruhusiwa kusoma kilichomo, na sheria inataka mpaka huo uwe umeandikwa.

Je, SHA inaona ugonjwa wako? Ndiyo, kwa kiasi cha kulipa bili. Hospitali haiwezi kudai malipo bila kusema imetibu nini. Kisichoruhusiwa ni habari hiyo kutoka kwenye dawati la malipo kwenda kwa mtu asiye na kazi nayo. Na hapa nina ushauri ambao hauko kwenye sheria yoyote: angalia umesajiliwa kwa namba ya simu ya nani. Wapo kina mama wengi waliosajiliwa kwa simu ya mume, na wazee kwa simu ya kijana aliye Nairobi. Ujumbe wowote wa mfumo ukija, unasomwa na mwenye simu. Ukiweza, tumia laini yako mwenyewe.

Zahanati ya kampuni

Hili ndilo linaloumiza zaidi katika nchi ya majani chai, na ndilo linalozungumzwa kwa sauti ya chini zaidi. Kwenye mashamba makubwa mwajiri ndiye mwenye nyumba unayolala na shule anayosoma mtoto, na zahanati au hospitali unayotibiwa ni yake pia. Daktari analipwa na mtu yuleyule anayekulipa wewe kwa kilo. Kwa hiyo swali ni la haki kabisa: karani wa ajira anaweza kuingia kwenye rekodi za zahanati aone nani ana virusi, nani ni mjamzito, nani mgongo umeisha?

Hawezi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaiweka hali ya afya katika kundi la taarifa nyeti, na kifungu cha 46 kinasema taarifa za afya zishughulikiwe na mhudumu wa afya, au chini ya usimamizi wake, au na mtu mwingine anayefungwa na sheria kutunza siri. Meneja wa shamba si mmoja wao. Kampuni kumiliki jengo, dawa na kompyuta hakumfanyi meneja kuwa daktari wako.

Mwajiri ana haki ya kujua kama unaweza kufanya kazi. Ukiugua na kuomba likizo ya ugonjwa, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inakutaka ulete cheti cha daktari kwamba huwezi kufanya kazi. Inazungumzia kutoweza kazi. Haitaji jina la ugonjwa. Ukifikisha miezi miwili kazini mfululizo unastahili angalau siku saba za malipo kamili na saba za nusu. Kwa hiyo cheti kinachosema "apumzike siku tano" kinatosha, na msimamizi akikuuliza mbele ya wenzako "kwani una nini?", unaweza kumjibu kwa adabu: "Cheti cha daktari ndicho hicho, bwana." Ukiumia kazini mambo ni tofauti kidogo, maana ripoti ya jeraha lazima ifike kwa mwajiri na kwa afisa wa usalama kazini ili ulipwe fidia. Hata hapo ni habari za jeraha hilo. Mkono uliokatwa na mashine ya kuchumia hauhitaji historia yako ya kliniki ya uzazi.

Kuhusu virusi vya Ukimwi sheria ni kali zaidi. Sheria ya mwaka 2006 inakataza kumpima mtu kwa lazima, na inakataza kumwambia mtu mwingine majibu bila idhini. Sheria ya Ajira inakataza ubaguzi kazini kwa sababu hiyo. Kuna kesi iliyofunguliwa mwaka 2003 na mama aliyejulikana mahakamani kwa herufi tu, J.A.O., aliyekuwa mhudumu katika kampuni ya chakula. Alipimwa bila kuelezwa, majibu yakaenda kwa mwajiri kabla yake, akafukuzwa. Mwaka 2008 walioshtakiwa walikubali kumlipa fidia. Malalamiko ya namna hii yana hata baraza lake, Baraza la HIV na Ukimwi, na ndani yake si lazima jina lako litangazwe.

Jambo moja zaidi kwa wafanyakazi wa esteti. Mashamba yamebadilisha wenyewe. Yaliyokuwa ya James Finlay yalinunuliwa na Browns Investments ya Sri Lanka mwaka 2023, na mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ikakubaliana kuyachukua yale ya Lipton, ambayo wazee bado wanayaita ya Unilever, au hata Brooke Bond. Bango la getini linabadilika, na faili lako la zahanati linabaki kabatini au kwenye kompyuta. Mwenye shamba mpya analirithi pamoja na wajibu wote wa kulitunza; hawezi kusema siri hiyo mliahidiana na kampuni iliyoondoka. Una haki ya kuuliza faili liko wapi na linatumika kwa nini, hata kama uliacha kazi miaka mingi nyuma.

Utafiti, na Wamarekani

Kericho ina historia ndefu na watafiti. Mradi wa Walter Reed, wa jeshi la Marekani kwa ushirikiano na taasisi ya KEMRI, ulianza mwaka 2003 kufuatilia watu wazima takribani 2,800 wa mashamba ya chai, katika maandalizi ya chanjo ya Ukimwi. Sisemi hayo kwa kulaumu. Wengi walijitolea kwa hiari na dawa zikafika vijijini. Nasema ili ijulikane kwamba idhini ya kutibiwa na idhini ya kufanyiwa utafiti ni karatasi mbili. Ukikataa ya pili, ya kwanza haikatwi. Na ukikubali leo unaweza kujiondoa kesho.

Suala la taarifa kuvuka mipaka lilirudi kwa kishindo Desemba 2025. Tarehe 4 mwezi huo, Kenya na Marekani zilitia saini mkataba wa afya wa miaka mitano wa dola bilioni 2.5, Marekani ikiahidi hadi bilioni 1.6 na Kenya milioni 850. Ndani yake mlikuwa na mambo ya kupeana taarifa za afya. Chama cha watetezi wa watumiaji bidhaa, COFEK, kikaenda kortini, na katika juma lililofuata Jaji Bahati Mwamuye akatoa amri ya muda kuzuia kupeana taarifa hizo za wagonjwa. Serikali ilijitetea kwamba zinazotolewa ni takwimu zisizo na majina. Tofauti hiyo ni ya kweli na ina uzito. Wizara kuhesabu wagonjwa wa malaria wa Sotik ni halali, tena ni lazima, la sivyo dawa zitapangwaje? Shida huanza hesabu inapokuwa ndogo mno. Ukisema "mama mmoja, miaka 34, kijiji fulani, pacha", jina halihitajiki. Kijiji kizima kimekwisha kumjua.

Askari na chifu

Fomu ya P3 ni ya mtu aliyeumizwa. Daktari hujaza kuhusu majeraha yanayohusu kesi, na mgonjwa hukubali kuchunguzwa. Haimfungulii askari faili zima. Akitaka zaidi, aende kwa hakimu apate amri, kisha aje nayo. Hospitali nayo iisome: imetaja nani, rekodi gani, za tarehe gani. Kisichotajwa hakitolewi.

Chifu hana njia yake ya pekee. Anaweza kusaidia kampeni ya chanjo, anaweza kuitisha baraza, lakini orodha ya wagonjwa kwa majina si yake kuitaka wala kuisoma.

Nisikudanganye: Sheria ya Ulinzi wa Data ina msamaha, kifungu cha 51, pale usalama wa taifa au maslahi ya umma yanapohitaji. Maneno hayo ni mapana na serikali hupenda kuyaegemea. Ndiyo maana nimeanza na kesi ya 2016: Kifungu cha 24 cha Katiba kinaitaka serikali ithibitishe kwamba kuna sheria, kwamba sababu ni ya msingi, na kwamba haikuwepo njia nyingine isiyoumiza haki sana. Mzigo ni wao.

Ukitaka kulijua faili lako

Andika barua kwa msimamizi wa hospitali. Haihitaji wakili. Maneno haya yanatosha:

"Mimi, mwenye kitambulisho namba hii, nilitibiwa hapa kati ya tarehe hizi. Kwa mujibu wa kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, 2019, naomba nakala ya taarifa zangu zote mlizonazo. Naomba pia mnijulishe ni nani aliyepewa taarifa hizo, lini, kwa sababu gani, na kwa idhini au amri ipi."

Kanuni za mwaka 2021 zinaipa hospitali siku saba kukujibu, bila malipo. Ukikuta kosa, kwa mfano umeandikiwa ugonjwa usiokuwa wako au dawa ambazo hukupewa, wana siku 14 kurekebisha. Usilipuuze hilo. Ugonjwa wa uongo ulioandikwa ili bili ilipwe utakufuata kwenye mfumo hadi siku daktari mwingine atakapokutibu kwa kuuamini. Peleka barua nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe urudi nayo. Wakikataa kugonga, ipige picha ukiwa hapo na uandike jina la aliyekataa.

Siku zikipita bila jibu, au siri ikiwa imekwisha kutoka, malalamiko huenda kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, inayoongozwa na Immaculate Kassait. Mbali na Nairobi ina ofisi Nakuru na Kisumu, ambako kutoka Kericho ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kamishna anaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni tano, na anayedhulumiwa anaweza kudai fidia. Kama aliyetoa siri ni daktari, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno linaweza kumwajibisha kikazi, na hatua moja haizuii nyingine. Asiyejua kuandika anaruhusiwa na kifungu cha 56 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kulalamika kwa Kamishna kwa mdomo. Afisa ndiye anayepaswa kuyaandika maneno yake, na uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90.